Giza katika La Nuit ya Elie Wiesel: usikimbilie kusema ni uovu

Anayeanza kuichambua La Nuit, yaani Usiku, kumbukumbu za Elie Wiesel kuhusu Maangamizi ya Wayahudi, aghalabu huandika kwamba giza ni uovu na mwanga ni matumaini, kisha akafunga daftari. Kanuni hiyo haifiki mbali. Katika kitabu hiki, mwanga ndio unaoua kwanza.

Anzia Sighet, mji wa Transylvania uliokuwa chini ya Hungaria wakati huo. Mchana kijana Eliezer, msimulizi ambaye ndiye Wiesel mwenyewe, anasoma Talmudi, mkusanyo wa sheria na mafundisho ya dini ya Kiyahudi, na usiku anakimbilia sinagogi kulilia kubomolewa kwa Hekalu la Yerusalemu. Moshe, mtumishi wa sinagogi, anamwona akisali magharibi, na baadaye wanasoma pamoja Zohari, kitabu cha mafumbo ya kiroho ya Kiyahudi. Usiku hapo ni wa ibada, wa mja kuwa karibu na Mola wake. Msomaji akiziruka kurasa hizi hana tena kipimo cha kilichonyang'anywa baadaye. Isitoshe, siku ya Wayahudi huanza jua linapotua, kama Mswahili anavyouhesabu usiku wa kuamkia Ijumaa kuwa wa Ijumaa. Kwa desturi hiyo usiku hutangulia na mchana hufuata. Wiesel anasimulia usiku ambao mchana wake haufiki.

Sasa njoo kwenye behewa la treni inayowapeleka Wayahudi wa Sighet kambini, Mei 1944. Watu 80 wamesongamana ndani. Bi Schächter, aliye na mtoto wake wa miaka 10, anapiga kelele gizani kwamba anaona moto. Wenzake wanachungulia dirishani, hawaoni kitu. Wanamfunga kamba, wanamziba mdomo, wanampiga, na mtoto wake anatazama. Treni inapofika Birkenau, sehemu ya kambi ya mauaji ya Auschwitz, ndimi za moto zinatoka kwenye bomba la moshi. Aliyeitwa mwendawazimu ndiye peke yake aliyeona, na giza lililowafumba wengine lilikuwa ni kutotaka kuamini. Hapa ndipo uchambuzi mwingi unapopwaya: giza la nje linaelezwa, hili la ndani linaachwa.

Usiku huo wa kwanza kambini ndio unaoleta kifungu maarufu cha takriri, yaani urudiaji wa maneno, ambamo msimulizi anaapa mara 7 kwamba hatasahau. Hesabu hiyo uitilie maanani. Kwa maoni yangu, inazigeuza kinyume siku saba za uumbaji katika kitabu cha Mwanzo cha Biblia: kule Mungu anasema iwe nuru, hapa nuru iliyopo ni miali inayoteketeza imani yake. Lakini chunga sana. Moto wa Birkenau si jazanda, si picha ya maneno tu. Uliwachoma watu, watoto wakiwemo. Ishara imejengwa juu ya tukio lililotokea kweli, na mchambuzi anayelisahau hilo anawakosea waliokufa.

Njia ninayoipendekeza ni rahisi: chukua penseli, na kila tukio zito liandikie pembeni saa yake, mwanga unatoka wapi, na nani anaona. Ukifika Gleiwitz, kambi ambako wafungwa wanafikishwa Januari 1945 baada ya mbio za usiku kwenye theluji, utaona jambo la ajabu. Juliek, mfungwa mwanamuziki, amebanwa kati ya maiti na walio hai, anapiga fidla yake: kipande cha Beethoven. Kule Buna, kambi ya kazi walikotoka, Wayahudi walikatazwa kupiga muziki wa Kijerumani. Giza linampa uhuru ambao mchana haukumpa. Kunapopambazuka, amekufa na fidla imekanyagwa. Huko Buchenwald, kambi wanayopelekwa baadaye, ni vivyo hivyo: Eliezer anapanda kulala tarehe 28 Januari baba yake akiwa hai, anaamka alfajiri ya tarehe 29, na kitandani mwa baba yake kuna mgonjwa mwingine. Mapambazuko hayaleti faraja, yanaleta habari ya kifo.

Usilitenge giza na kimya. Toleo la awali, la Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, lililotoka Buenos Aires mwaka 1956, lilibeba jina lenye maana ya Na Dunia Ilinyamaza. Toleo la Kifaransa la 1958, fupi zaidi, ndilo lililokuja na Usiku. Jina la kwanza linaushitaki ulimwengu. Hili la pili linaibeba lawama hiyohiyo bila kumtaja mshitakiwa, ndiyo maana kila kimya cha usiku kambini kisomwe pia kama kimya cha waliokuwa nje.

Wapo wanaoutafuta mwanga katika kitabu kilichofuata, L'Aube, yaani Alfajiri, cha 1960, kwa sababu ya jina lake. Hicho ni riwaya, si kumbukumbu, na alfajiri yake ni saa ambayo manusura wa kambi, sasa mpiganaji huko Palestina, anatakiwa kumpiga risasi mateka Mwingereza.