Mafuta ya limau na jua: “ni ya asili” haimaanishi ni salama

Jamani hii ya “ni ya asili haiwezi kudhuru ngozi” tumeisikia miaka na miaka, na watu wanaumia kweli. Esenshal oili (mafuta makali ya harufu yanayotolewa kwenye mimea) za limau, ndimu na bergamoti (tunda la jamii ya machungwa) zikikamuliwa kwenye maganda bila moto zinabaki na kemikali zinaitwa furanokumarini, sasa ukijipaka halafu ukatoka juani zile kemikali zinashika miale ya UVA (aina ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho) na kuunguza seli za ngozi. Sio aleji, inaweza kumpata yeyote hata mara ya kwanza, ndo maana kujaribu tone moja mkononi ukiwa ndani hakukwambii kitu! Na haionekani hapohapo, wekundu na malengelenge vinakuja kesho yake au keshokutwa, madoa meusi yanakaa hata miezi.

Zile za limau na ndimu zilizopatikana kwa mvuke hazina shida hiyo, soma chupa. Chungwa tamu nalo sawa. Kama umeshapaka ya kukamuliwa, funika hapo kwa nguo au kaa mbali na jua angalau masaa 12, bergamoti ndo kali zaidi.