Okidi iliyolegea majani haihitaji maji kila siku

Ujumbe huu huzunguka sana kwenye magrupu ya wapenda maua: okidi ikilegea majani, imwagilie kila siku mpaka isimame. Si kweli, na mara nyingi huko ndiko kuimaliza.

Okidi nyingi za ndani ni Phalaenopsis, ambazo porini huko Asia hushikilia magome ya miti, mizizi ikiwa hewani. Kwenye chungu kilicholowa muda wote mizizi hukosa hewa, ikaoza. Mzizi uliooza haunywi, hivyo majani hunyauka kwa kiu ilhali maji yamejaa. Kuchanganyikiwa hapo ni rahisi, maana mmea uliokaushwa hulegea vivyo hivyo.

Itoe chunguni uibonyeze mizizi. Iliyo migumu, ya kijani au ya rangi ya fedha, ni mizima. Ya kahawia inayobonyea imeoza: ikate kwa mkasi safi, upande upya kwenye vipande vya magome, si udongo wa bustani. Mwagilia pale tu mizizi inapokauka na kurudia rangi ya fedha.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Majani ya zamani huenda yasinyooke tena. Dalili ya kupona ni mzizi au jani jipya, na hilo huchukua miezi.