Je, wajua jinsi kiwanda cha ndege za vita kilivyowafanya wageni kuwa ndugu?

Ziwa Windermere, kaskazini magharibi mwa Uingereza, linajulikana zaidi kwa watalii. Lakini kati ya 1942 na 1944 ziliundwa hapo ndege 35 aina ya Short Sunderland: ndege kubwa yenye tumbo la mashua, inayoruka na kutua majini. Sunderland ziliwinda nyambizi za Ujerumani katika Atlantiki. Mwaka 1943 hata Dar es Salaam iliziona, kwani kikosi namba 230 cha jeshi la anga la Uingereza kilikuwa hapo kikilinda Bahari ya Hindi.

Kwa nini ziundwe ziwani? Kiwanda mama cha Short Brothers, kampuni iliyounda Sunderland, kilikuwa Rochester, kusini mashariki, karibu mno na adui, na Agosti 1940 kilipigwa mabomu. Ikabidi patafutwe mahali pa mbali penye maji mengi yaliyotulia. Windermere lina urefu wa kilomita 17 hivi. Wapenzi wa mandhari ya ziwa walipinga, wakaahidiwa kuwa kiwanda kitaondolewa vita vikiisha.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kupata watu na pa kuwalaza. Mafundi walihamishwa kutoka Rochester. Wenyeji, wanawake kwa wanaume, wakafunzwa kazi ambayo wengi wao hawakuwahi kuigusa. Walipofika zaidi ya 1,500, vijiji vya jirani havikuwatosha. Ndipo ukajengwa mtaa wa Calgarth: nyumba 200 za familia, mabweni ya wasio na familia, shule, maduka, bwalo na ukumbi wa starehe.

Kwangu mimi, undugu wao ulitokana na mtaa huo kuliko kiwanda chenyewe. Aliyekulia kwenye kota za reli ataelewa mara moja: msimamizi wa baba kazini ndiye jirani wa ukuta wa pili, na watoto wa wote wawili wanakaa dawati moja. Waliotoka Rochester walikuwa mbali na bibi na shangazi zao, na mama akiwa zamu, mtoto huangaliwa na jirani. Ndiyo maana familia nyingi zilibaki Calgarth miaka mingi baada ya ndege ya mwisho kuondoka.

Kisha ukaja ugeni ambao hakuna aliyeupangia. Agosti 1945, watoto Wayahudi wapatao 300, walionusurika kambi za Wanazi, walisafirishwa kutoka Prague hadi karibu na Carlisle, mji ulio kaskazini mwa Windermere, kwa ndege za kivita za Stirling, nazo zikiwa kazi ya Short Brothers. Wakaletwa Calgarth na kulazwa katika mabweni yaliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Watoto waliozoea kubanana kwenye mbao za kambini walipewa kila mmoja kitanda chake na shuka safi. Wengi wao hawakuwa na mzazi aliyebaki hai. Nadhani historia ya kiwanda hiki ikiandikwa bila wao inapungua nusu.

Nyumba za Calgarth zilibomolewa miaka ya 1960, na leo shule ya sekondari, Lakes School, iko mahali pale. Wanaofika kutafuta habari za wazee wao ni wajukuu wa mafundi, na pia wajukuu wa watoto wale waliotoka kambini.