Kompyuta ya gemu "tayari": jina hilo hubeba nini kwa mwenye bajeti ndogo?

Kompyuta ya gemu iliyoungwa tayari ni deskitopu ambayo vipande vyake vimekwisha kuchaguliwa na kufungwa na mtu mwingine. Wewe unachomeka umeme, unaingiza gemu, unacheza. Marekani na Ulaya mashine hizo hutoka viwandani zikiwa na dhamana. Nairobi na Dar es Salaam, ukienda dukani na hela kidogo, jina hilohilo mara nyingi hubeba kitu kingine: kompyuta ya ofisi iliyotumika ng'ambo, ile wanayoiita ex-UK, ambayo fundi ameipachika kadi ya grafiki na pengine kuihamishia kwenye kasha lenye ubavu wa kioo na feni za rangi. Huo si utapeli. Dell OptiPlex na HP EliteDesk ni mashine ngumu, zimezoea kukesha. Ila feni za rangi hazichezi gemu.

Kinachocheza ni kadi ya grafiki. Prosesa hupanga mambo, kadi ndiyo huchora kila fremu unayoiona kwenye skrini, na hapo ndipo sehemu kubwa ya pesa yako inapaswa kwenda. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "ina kadi ya GB 4", yaani ukubwa wa kumbukumbu yake, halafu basi. GT 730 ipo ya GB 4, na GTX 1650 ya mwaka 2019 nayo ina GB 4, lakini ya kwanza itahangaika na gemu ambazo ya pili inazimudu bila jasho. Ni sawa na kulinunua lori kwa kutazama ukubwa wa bodi bila kuuliza injini.

Hata jina kamili lina mitego yake. GT 1030 iko ya kumbukumbu ya GDDR5 na iko ya DDR4, na hii ya pili husafirisha data kwa kasi isiyozidi nusu ya mwenzake. RTX 3050 ya GB 8 ilitoka 2022. Ile ya GB 6 iliyofuata 2024 imepunguzwa kori (vitengo vinavyofanya hesabu) pia, si kumbukumbu peke yake. Halafu kuna RX 580 yenye alama ya 2048SP, ndugu mdogo anayevaa shati la kaka yake: jina ni lile, nguvu ni pungufu.

Kwenye prosesa, neno linalouza ni "Core i7" ya Intel. Uliza kizazi. Core i7-2600 ni ya 2011, Core i3-12100 ni ya 2022. Zote zina kori nne na nyuzi nane (kazi nane kwa mpigo), lakini hiyo i3 inamwacha mzee mbali sana. Kizazi unakisoma kwenye namba yenyewe: 2600 ni cha pili, 8500 ni cha nane, 12100 ni cha kumi na mbili. Kwa Intel, Windows 11 huanzia rasmi kizazi cha nane, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wapo mafundi wanaolazimisha Windows 11 kwenye mashine za zamani na inawaka vizuri tu, hadi siku unapofungua gemu ya Valorant ikadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kugoma.

Jambo ambalo karibu hakuna tangazo linalolitaja ni pawasaplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Tundu la kadi kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, hutoa wati 75. Zipo GTX 1650 zinazotosheka na hizo bila waya wa ziada, ndiyo maana mafundi wanazipenda. RTX 3060 hula wati 170. Sasa chukua OptiPlex 9020 ile nyembamba: pawasaplai yake ni ya wati 255, plagi zake si za kawaida kwa hiyo huwezi kuibadilisha kirahisi, na kasha linameza kadi za kimo kifupi (low profile) tu. Mashine ya namna hiyo umeinunua ilipofikia, haina pa kukua.

Hapo ndipo uchaguzi wenyewe ulipo. Tuseme umewekewa mbili kwa bei inayokaribiana. Moja ni i7-4770 yenye GTX 1650 ndani ya kasha jembamba. Nyingine ni yenye prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G ya 2021, haina kadi kabisa, inategemea grafiki iliyomo ndani ya prosesa, lakini kasha na pawasaplai ni za kawaida. Leo hii ya kwanza itaishinda ya pili, hilo sikufichi. Mimi ningebeba ya pili. GTA V na Valorant inazicheza kwa mipangilio ya chini, na nikipata hela mwakani natia kadi ya maana bila kugusa kingine. Kama unajua hutaongeza hata shilingi, chukua ya kwanza na ufurahie.

Ukiichukua 5600G, hakikisha RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) ni vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha GB 16. Grafiki ya ndani hukopa RAM ya mashine, na kipande kimoja huibana kweli.

Kabla ya kulipa, nenda na gemu yako kwenye diski ya nje na uicheze nusu saa palepale dukani, ukisikiliza feni. Weka pia GPU-Z, programu ya bure inayosoma kadi ni ya aina gani, kwa sababu kuna kadi kuukuu zilizobadilishwa jina ndani ya chipu zijitangaze kuwa GTX 1050 Ti, na programu hiyo huziumbua nyingi kati yake. Mwisho omba kifuniko kifunguliwe, usome mwenyewe kibandiko cha pawasaplai.