Kiti cha pweza huota mkono, lakini si mgumu kufa

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo Arusha huamini kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, hafi kirahisi, kwa kuwa mkono uliokatika huota tena. Kuota huota, kwa miezi. Ila mwili wake hauwezi kudhibiti chumvi: ikibadilika ghafla, huanza kuoza siku kadhaa baadaye, na lawama huangukia chakula bure.

Akifika kutoka pwani, mweke kwenye ndoo na maji yake ya safari, kisha dondosha maji ya tangi kwa mpira mwembamba, matone 2 kwa sekunde, saa 2 hadi 3. Usimtoe hewani. Chumvi iwe takriban gramu 35 kwa lita, joto nyuzi 25. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza yaliyochujwa, yasiyo na chumvi.