Vasco da Gama na rubani wa Malindi

Jana barazani hapa Malindi watu wanabishana tukio gani limebadilisha dunia zaidi, mzee mmoja akasema ni baharia Mreno Vasco da Gama kugundua njia ya India 1498. Pole pole mzee wangu. Kuzunguka Afrika kutoka Ureno, sawa, hilo kubwa, lakini kutoka hapa mpaka India majahazi yalikuwa yakienda na kurudi tangu enzi na enzi, kwa pepo za kusi na kaskazi, na twiga wa Malindi alishafika China 1415. Da Gama alitia nanga hapa Aprili, sultani akampa rubani, siku kama 23 hivi wakaiona India.

Kurudi sasa! Akang'oa nanga Oktoba, kaskazi, upepo wa kuja huku, haijashika, akahangaika baharini karibu miezi mitatu, fizi za mabaharia zinavimba kwa kukosa matunda, watu kama 30 wakafa. Angeuliza tu, hata mvuvi wa hapa angemwambia angoje upepo.

Na rubani mwenyewe, ati ni Ibn Majid, yule baharia mashuhuri wa Kiarabu? Wanahistoria wa Kireno wa zamani wanamtaja Mgujarati, mtu wa Gujarat kule India.