Kwa Nini Kucha Hukatika na Nywele Hupungua Uzeeni, na Chakula Kina Uwezo Gani?

Daktari mmoja wa Marekani, William Bean, alianza kupima kasi ya ukuaji wa ukucha wa kidole gumba cha mkono wake wa kushoto akiwa na umri wa miaka 32, akaendelea na kazi hiyo kwa miaka 35. Mwanzoni ukucha huo ulikua kwa wastani wa milimita 0.123 kwa siku, na alipofikia umri wa miaka 67 kasi ilikuwa imeshuka hadi milimita 0.095. Upungufu huo unazidi moja ya tano, nao unatokea polepole kiasi kwamba asiyepima hawezi kuuona. Wengi huanza kutambua mabadiliko pale tu kucha zinapoanza kupasuka ncha na kitana kinapotoka na nywele nyingi kuliko zamani, na swali linalofuata huwa moja: je, ninakula nini ili zirudi?

Sehemu ya ukucha na ya unywele tunayoiona haina uhai. Imeundwa kwa protini ngumu iitwayo keratini, na kiwanda chake kipo chini ya ngozi, katika shina la ukucha na la unywele, ambako seli hugawanyika kwa kasi kubwa zikitegemea damu iziletee protini, madini na vitamini. Ndiyo maana hakuna chakula kinachoweza kuukarabati ukucha uliokwisha kuota. Chakula hugusa tu ule unaotengenezwa leo, na ukucha wa mkono huchukua takriban miezi sita kujibadilisha wote, ilhali wa mguu unaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Nywele nazo zina ucheleweshaji wake. Homa kali, upasuaji au kukonda ghafla kunaweza kuzifanya nyingi ziingie katika mapumziko kwa pamoja, kisha zikadondoka baada ya miezi miwili au mitatu, wakati mhusika amekwisha kupona na halihusishi tena tukio lile na kichwa chake.

Yapo mabadiliko ambayo ni umri tu. Mistari ya wima juu ya ukucha ni ya kawaida kwa wazee, na mvi hutokana na kupungua kwa seli zinazotia rangi, jambo ambalo kwa kawaida mlo haulirudishi nyuma. Kwa wanawake, kushuka kwa homoni baada ya kukoma hedhi huchangia nywele kuwa nyembamba. Madoa meupe kwenye kucha, ambayo watu wengi huyasoma kuwa dalili ya ukosefu wa kalsiamu, mara nyingi ni alama ya kugongwa kidogo tu. Kalsiamu iliyomo ndani ya ukucha ni chache mno.

Chakula kina nguvu ya kweli pale kitu fulani kinapopungua mwilini, kwa sababu mwili wenye upungufu huhudumia kwanza viungo vinavyoulinda uhai, na kucha na nywele husubiri mwisho. Kwa maoni yangu, jambo linalosahaulika zaidi katika mlo wa wazee ni protini. Meno yakipungua, nyama na njugu huachwa kwa kuwa hazitafuniki, na siku nzima huweza kupita kwa chai na mkate asubuhi, uji mtupu mchana, na ugali wenye mchuzi mwepesi jioni. Tumbo limejaa, lakini shina la ukucha halikupata malighafi. Wataalamu wengi wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mtu wa kilo 60, isipokuwa mgonjwa wa figo ambaye kiwango chake hupangwa na daktari wake. Yai moja hutoa gramu 6 hivi, na kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15. Kwa mwenye meno machache, dagaa waliosagwa na kutiwa katika mchuzi, maharage yaliyopondwa, mtindi na samaki aliyechambuliwa miiba hufaa kuliko kulazimisha nyama.

Baada ya protini huja madini ya chuma na zinki. Chuma kilichomo katika maharage na mboga za majani hufyonzwa kwa shida, na chai inayonywewa pamoja na chakula huzidisha shida hiyo, ilhali ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga au chungwa baada ya mlo huipunguza. Chai ile ile ikisogezwa mbele kwa saa moja au mbili haileti madhara makubwa. Zinki hupatikana katika nyama, samaki na kunde. Katika nafaka zisizokobolewa huzuiliwa na asidi ya fitiki, ambayo hupungua unga unapochachishwa, kama ule wa uji mchachu. Vitamini B12 ina tatizo jingine: tumbo la mzee mara nyingi hutoa asidi kidogo, hivyo vitamini hiyo haitenganishwi vyema na nyama au yai hata kama vimeliwa. Wanaotumia metformin kwa kisukari au omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa muda mrefu wako katika hatari zaidi, na kwao kipimo cha damu husaidia kuliko kubahatisha.

Madukani, vidonge vinavyosifiwa zaidi kwa nywele ni vya bayotini, mojawapo ya vitamini za kundi B. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 30 tu kwa siku, na upungufu wake ni nadra. Mmoja wa wanaoweza kuupata ni anayekula mayai mabichi kwa wingi na kwa muda mrefu, kwa kuwa ute mweupe mbichi huifunga vitamini hiyo, na kupika huondoa kizuizi hicho. Vidonge vingi vina mikrogramu 5,000 au zaidi, kiasi kinachoweza kupotosha baadhi ya vipimo vya tezi ya shingo na vya mshtuko wa moyo, kwa hiyo anayevitumia anapaswa kumweleza daktari kabla ya kutolewa damu. Kuzidisha pia huweza kuleta kile kile kinachokimbiwa: vitamini A ikizidi hudondosha nywele, na mwaka 2008 nchini Marekani watu 201 walidhurika na kirutubisho cha maji kilichokosewa kipimo cha madini ya seleniamu, wengi wao wakipoteza nywele na kuharibika kucha.

Kucha zinazopasuka kwa mtu anayekula vizuri huenda zinachoshwa na maji na sabuni za kufulia, na mafuta baada ya kunawa huzisaidia kuliko kidonge. Ukucha wa mguu ulionenepa na kuwa wa manjano mara nyingi una fangasi. Ukucha uliobonyea kama kijiko, hasa ukiambatana na uchovu na weupe wa viganja, unaashiria upungufu wa chuma, na kwa mzee haitoshi kuongeza dagaa na mchicha: damu huweza kuwa inavuja polepole kutoka kwenye vidonda vya tumbo, vikiwemo vinavyosababishwa na dawa za maumivu ya viungo kama diclofenac, au kutoka kwenye uvimbe wa utumbo mpana, na hivyo chanzo kitafutwe hospitalini hata kama nguvu zimeanza kurejea.